HUKUMU ZA KODI ZIPO, ILA HATUJUI MLANGO WA KUINGILIA

(Haya ni mazungumzo niliyoyatoa mbele ya ndugu zetu wa Afrika Mashariki tunaokaa hapa Muscat, kwenye ukumbi mmoja wa Ghala. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema, kwa kuwa waliokosa kuja wameyaomba, na walioko nyumbani pia.)



Nimeombwa nizungumzie namna ya kutafuta kesi za mahakamani zinazohusu kodi. Nilipowatajia mada hii rafiki zangu wawili watatu walicheka, wakasema watu watasinzia kabla ya chai kuletwa. Labda. Lakini kila mmoja humu na ajiulize ana nini nyumbani. Mwenye nyumba ya kupangisha Fuoni yupo. Mwenye fremu ya duka Kariakoo yupo. Yupo aliyeachiwa kiwanja na marehemu mamake na ndugu wanataka kiuzwe wagawane. Na wapo vijana wetu wanaokaa hapa hapa Muscat wakizifanyia kampuni za Dar es Salaam kazi za hesabu na michoro kwa kompyuta. Wote hao, siku moja, barua ya kodi itawafikia.

Na barua yenyewe haiji Ghala. Inapokewa na mpwa wako, anaiweka juu ya friji, na akikumbuka kukupigia picha ya WhatsApp wiki mbili zimeshapita. Hapo ndipo mambo yanapoharibika, maana saa imeshaanza kuhesabu. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya Tanzania ya mwaka 2015, kifungu cha 51 kwa namba za sheria ilivyotungwa, inakupa siku 30 tangu upokee makadirio kuwasilisha pingamizi kwa Kamishna Mkuu. Na pingamizi lako halipokelewi bure bure: unatakiwa kwanza ulipe ile sehemu ya kodi usiyoibishia, au theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, kutegemea ipi ni kubwa zaidi. Umeandikiwa shilingi milioni 90 na unazibishia zote? Andaa milioni 30 kabla hujafungua mdomo. Kuomba upunguziwe unaweza, na kuomba uongezewe muda unaweza pia. Sheria inataja kutokuwepo nchini kuwa moja ya sababu za kuomba muda, jambo ambalo watu wetu wengi wa nje hawalijui. Lakini maombi hayo yote yanataka hoja, na hoja ya kodi bila ya sheria na hukumu ni malalamiko tu.

Mimi si wakili. Nimefanya kazi ya hesabu miaka mingi, Unguja, kisha Dar, kisha hapa, na kusoma hukumu za kodi kumekuwa sehemu ya riziki yangu. Sitotoa ushauri wa kesi ya mtu. Nitasema tu namna hukumu zinavyotafutwa, ili hata ukimwendea wakili usimwendee mikono mitupu, na ujue kama anachokuambia kina mguu au hakina.

Kuna jambo moja la kisiasa niliseme mapema, kwani najua tulivyo. Sisi tumezowea kubishana juu ya kodi kwa maneno makubwa: Muungano unatunyonya, Bara wanatuonea, SMZ haina meno. Sisemi hayo hayana msingi. Suala la bidhaa kulipiwa ushuru Zanzibar na kudaiwa tena zikifika Dar es Salaam lilikaa miaka na miaka katika orodha ya kero za Muungano, na hata viongozi wenyewe walilikiri. Lakini katika makala zote tulizoandikiana, ni nadra kuona iliyotaja kifungu cha sheria, seuze hukumu ya mahakama. Tunapigana vita vya kodi kwa mashairi. Anayetukadiria hatukadirii kwa mashairi.

Basi tuanze.

Kosa la kwanza la mtafutaji ni kukimbilia kutafuta kesi kabla ya kujua sheria ipi inamhusu. Ukiandika tu kwenye Google "kesi ya kodi ya nyumba Zanzibar" utaletewa magazeti, matangazo ya madalali na mjadala wa mwaka 2009 ambamo pengine mimi na wewe ndio tunaotukanana. Anza na sheria. Na kwa Mzanzibari swali la mwanzo kabisa ni hili: kodi hii ni ya Muungano au ni ya Zanzibar? Ibara ya 138 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inasema kodi haitozwi ila kwa mujibu wa sheria iliyotungwa na Bunge, na papo hapo inasema hilo halilizuii Baraza la Wawakilishi kutumia mamlaka yake ya kutoza kodi. Ukenda kwenye Nyongeza ya Kwanza, orodha ya mambo ya Muungano, utakuta kodi ya mapato, ushuru wa forodha na ushuru wa bidhaa. Kodi ya Ongezeko la Thamani humo haimo, ndiyo maana Zanzibar ina sheria yake ya VAT ya mwaka 1998. Kwa hivyo mwenye nyumba Fuoni anaweza kuwa na mkono mmoja TRA kwa kodi ya mapato, na mkono mwengine ZRA kwa kodi nyengine. Ni milango miwili, na sheria za kila mlango ni mbali. Hukumu nzuri kabisa ya VAT ya Bara inaweza isikusaidie kitu Unguja, kwa kuwa imefasiri maneno ambayo katika sheria ya Zanzibar hayamo au yameandikwa vyengine.

Ukishaipata sheria, tafuta kifungu, na kifungu kiandike kwa ukamilifu pamoja na mwaka wa chapa. Hili siku hizi lina umuhimu zaidi. Tanzania ilizindua Toleo la Sheria la mwaka 2023, likaanza kutumika tarehe 1 Julai 2025, na katika kupanga upya namba za vifungu vya baadhi ya sheria zimebadilika. Hukumu ya 2018 inayozungumzia kifungu fulani inazungumzia namba ya wakati ule. Ukiichukua namba hiyo ukaitafuta katika toleo jipya unaweza kukuta kifungu kinachohusu jambo jengine kabisa, ukadhani jaji amechanganyikiwa. Na ukirudi nyuma zaidi ni vivyo hivyo: Sheria ya Kodi ya Mapato tuliyonayo ni ya 2004, kabla yake kulikuwa na ya 1973, na kabla ya hapo tulikuwa na sheria moja ya Afrika Mashariki ya mwaka 1958, ambayo hukumu zake zilikuwa zikikatwa rufaa mpaka Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki. Hukumu za zama hizo bado zinatajwa, na baadhi yake ni nzuri kuliko nyingi za leo, lakini lazima uweke sheria mbili meza moja na uhakikishe maneno ni yale yale.

Sasa hukumu zenyewe zimewekwa wapi? Hapa pana mzaha ambao siwezi kuuacha. Mswahili akisikia jina la mtaa huu tuliokaa anafikiria ghala la mpunga au la karafuu, na kwa hakika ukitazama nje ya dirisha, kati ya magereji na maduka ya vipuri, maghala ni mengi. Hukumu nazo zina maghala yake, na jambo la kushukuru ni kuwa funguo zake siku hizi ni bure. Zamani hazikuwa hivyo. Mikusanyo ya ripoti za sheria ya Tanzania ilikuwa ikichelewa sana kuchapwa, na ndiyo maana mkisoma hukumu za Mahakama ya Rufani mtaona kesi nyingi zinatajwa kwa namba ya rufaa na kuongezewa kuwa haijaripotiwa. Maana yake ni kwamba wakili mwenye nakala kabatini ndiye mwenye sheria, na raia wa kawaida anatakiwa aitii hukumu ambayo hawezi hata kuiona. Mimi nalihesabu hilo kuwa ni dhulma, japokuwa hakuna aliyekusudia.

Mageuzi yalianzia mbali. Mwaka 1992 chuo kikuu cha Cornell kule Marekani kilianza kuweka sheria kwenye intaneti bure, Australia wakafuata 1995, na mwaka 2002 taasisi za namna hiyo zikakutana Montreal zikatoa tamko kwamba sheria na hukumu ni mali ya umma na ni haki zipatikane bure. Matunda yake kwetu ni TanzLII kwa hukumu za Tanzania, ZanzibarLII kwa za Zanzibar, ULII kwa Uganda, na Kenya Law ambayo kwa mpangilio wake naiona imewatangulia wenziwe wote wa Afrika Mashariki. Hukumu za karibuni zina namba ya pekee isiyotegemea kitabu: mwaka kwenye mabano ya mraba, herufi za mahakama, kisha namba. Ukiona TZCA hiyo ni Mahakama ya Rufani ya Tanzania, TZHC ni Mahakama Kuu, na kwa Kenya KETAT ni Baraza la Rufaa za Kodi. Mtu akikuletea kesi bila ya namba wala mwaka, mwambie akalete kwanza namba.

Kisha kuna fitina ya majina. Vijana hutafuta kwa neno "TRA" wakapata nusu ya kilichopo, kwa sababu katika kesi nyingi za kodi mdaawa ni Kamishna Mkuu, na jina la kesi linaanza au linaishia na cheo chake. Kenya utamkuta Kamishna wa Kodi za Ndani, na ukirudi nyuma, Kamishna wa Kodi ya Mapato. Uingereza kabla ya 2005 tafuta makamishna wa Inland Revenue, baada ya hapo HMRC. Zanzibar ilikuwa ZRB, na tangu 2022 ni ZRA, kwa hivyo anayetafuta kwa jina jipya peke yake ameacha zaidi ya miaka 20 nje. Na kampuni nazo hubadili majina kama watu wanavyobadili simu. Ile kesi kubwa ya kampuni ya dhahabu iliyodaiwa kodi ya zuio ya dola za Marekani milioni 41.25 juu ya gawio, watu wengi wanaitafuta kwa jina la Acacia. Hawaipati. Kampuni ilibadili jina kuwa Acacia mwaka 2014, lakini kesi ilikwenda mpaka mwisho kwa jina la kale, African Barrick Gold, Rufaa ya Madai Namba 144 ya 2018, na Mahakama ya Rufani iliiamua Agosti 2020 kwa faida ya Kamishna Mkuu. Ni kampuni iliyosajiliwa Uingereza na hisa zake zikiuzwa London, na bado ilionekana ni mkaazi wa Tanzania kwa mambo ya kodi. Wanaodhani kwamba kuandikisha kampuni nchi ya mbali ni kinga, waisome.

Njia nzuri kuliko ya majina ni njia ya neno. Kodi ni elimu ya maneno. Kesi ya mabilioni inaweza kusimama juu ya neno moja, na ukilijua neno hilo unaliandika kwenye sanduku la kutafutia la TanzLII pamoja na jina la sheria, na hukumu zinajitokeza zenyewe. Mfano wake ninaoupenda ni kesi ya Tullow Tanzania BV dhidi ya Kamishna Mkuu, Rufaa ya Madai Namba 24 ya 2018. Nitakaa nayo kidogo kwani inawahusu vijana wetu wa kompyuta moja kwa moja.

Tullow ilikuwa ikitafuta mafuta na gesi Tanzania. Iliwalipa watoa huduma walioko nje ambao si wakaazi wa Tanzania, na kazi yenyewe ilifanyiwa nje. Mamlaka ikasema: ulipowalipa ulitakiwa ukate kodi ya zuio. Kampuni ikajibu: vipi, wakati huduma haikufanyika Tanzania? Sheria ya Kodi ya Mapato ilizungumzia huduma iliyotolewa katika Jamhuri ya Muungano, na kwa Kiingereza neno lilikuwa "rendered". Ugomvi wote ukawa hapo. Je, huduma hutolewa pale anapokaa mfanyaji na kompyuta yake, au pale anapokaa aliyeipokea akaitumia? Tazameni hata Kiswahili chetu kinavyotoa nafasi ya utata: mtu aliyeko Muscat akimtolea salamu mwenziwe wa Tanga, salamu imetolewa wapi? Mahakama ya Rufani iliona kuwa neno lile lina maana ya kupeleka na kufikisha, na kwa kuwa mpokeaji wa huduma na chanzo cha malipo vilikuwa Tanzania, kodi ya zuio ilistahili kukatwa. Rufaa ikatupwa.

Sasa mkumbukeni yule kijana wa Ghala anayemtengenezea hesabu mfanyabiashara wa Dar. Analalamika amekatwa asilimia 15 na anadhani tajiri amemdhulumu. Tajiri hakumdhulumu, analindwa na hukumu, na asingekata angedaiwa yeye. Kijana huyo akiijua Tullow kabla ya kusaini mkataba, ataweka bei yake akiijumlisha kodi, au atauliza kwanza kama kuna mkataba wa kuepusha kodi mara mbili unaotumika baina ya nchi mbili zinazomhusu. Akiijua baada ya kulipwa ameshachelewa. Na njia ya kuipata haikuwa ngumu: sheria, kifungu, neno, sanduku la kutafutia. Isitoshe, ukishaipata hukumu moja kama hiyo umepata mlolongo mzima. Soma kesi ambazo majaji wamezitaja ndani yake, hizo zinakurudisha nyuma. Kisha litafute jina la Tullow lenyewe, na hukumu za baadae zilizoitaja zinakupeleka mbele. Mimi kazi yangu kubwa naifanya kwa kufuata mlolongo huu, kuliko kwa kupiga ramli ya maneno mia.

Kuna jambo linalowapotezea muda hata watu wa fani. Rufaa za kodi zinazoangukia TRA zina ngazi zake: kwanza Bodi ya Rufaa za Kodi, kisha Baraza la Rufaa za Kodi, na mwisho Mahakama ya Rufani. Huko juu kabisa hupokelewi ila kwa hoja ya sheria peke yake. Fikirini maana yake kwa mtafutaji. Kama ugomvi wako ni wa tafsiri ya neno, nenda moja kwa moja kwenye hukumu za Mahakama ya Rufani. Lakini kama ugomvi wako ni kuwa umetumia milioni 40 kutengeneza nyumba na mkadiriaji hakuziamini risiti zako, basi hilo ni suala la ushahidi, na yaliyoamuliwa juu ya ushahidi utayakuta zaidi kwenye uamuzi wa Bodi na Baraza. Watu wanachimba kisima pasipo na maji halafu wanasema sheria haisemi kitu. Na huko kwenye ushahidi sheria inakuambia wazi: mzigo wa kuthibitisha kuwa makadirio yamezidi au yamekosewa ni wa mkata rufaa. Kesi nyingi sana zinaanguka hapo hapo. Bi mkubwa mmoja ameniuliza kabla hatujaanza kama mahakama zitamwamini kwa kiapo kuwa fundi alilipwa taslimu. Jibu langu ni kuwa akiwa na karatasi ya fundi itamsaidia kuliko kiapo.

Msiruke ngazi vilevile. Wapo waliokwenda Mahakama Kuu wakidhani ukubwa wa mahakama ndio ukubwa wa haki. Someni kesi ya TRA dhidi ya Tango Transport, Rufaa ya Madai Namba 84 ya 2009: Mahakama ya Rufani ilisema migogoro ya namna hii ina vyombo vyake vilivyowekwa na sheria, na Mahakama Kuu haikuwa na mamlaka ya kuisikiliza. Miaka ya kesi, gharama za mawakili, na mwisho unaambiwa hukugonga mlango uliotakiwa.

Tuseme basi umeshaipata hukumu, namba ipo, kifungu ndicho, inakupa haki. Usiisherehekee. Uliza kama bado iko hai. Hakuna mfano bora kuliko wa jirani zetu Kenya. Tarehe 31 Julai 2024 Mahakama ya Rufani ya Kenya ilitamka kuwa Sheria ya Fedha ya 2023 yote nzima ni kinyume cha Katiba. Simu zetu hapa zilijaa. Hukumu ilisambazwa, watu wakapongezana, na wengine wakaanza kupiga hesabu za kurejeshewa fedha. Tarehe 29 Oktoba mwaka ule ule, Mahakama ya Juu ikaitengua. Miezi mitatu tu! Lakini ile hukumu ya Julai bado inazunguka kwenye simu mpaka leo, na aliyeitunza hajui kwamba anatunza maiti. Na kuna kifo chengine kisicho na kelele, pale bunge linapobadili sheria yenyewe. Mwaka 2005 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kesi ya Unilever Kenya, juu ya bei zinazotozwa baina ya kampuni za familia moja. Kenya haikuwa na kanuni za kina, jaji akakubali miongozo ya OECD itumike, na Unilever ikashinda. Mwaka 2006 serikali ikaleta kanuni zake. Hukumu ile haikutenguliwa na mtu, ni hukumu nzuri ya kusoma, lakini anayeitumia leo bila ya kuzitaja kanuni za 2006 atachekwa. Kila Juni bunge la Tanzania linapitisha Sheria ya Fedha. Kwa hivyo kila hukumu ya kodi unayoishika uliza: je, Juni ngapi zimepita juu yake?

Hukumu za nje nazo zisiwababaishe. Utaona majaji wa Dar, Nairobi na Kampala wote wanataja kesi ya Cape Brandy ya Uingereza, ya 1921, inayofundisha kuwa katika kodi unatazama kilichoandikwa, huingizi huruma wala kudhania. Ni kesi ya kushawishi tu, haimfungi jaji wetu. Na inakata pande mbili: watu huitaja wakidhani inamlinda mlipa kodi dhidi ya serikali, wakasahau kwamba kodi ikiwa imeandikwa wazi na inakuumiza, kesi hiyo hiyo ndiyo itakayokunyima huruma.

Nimeacha la khatari zaidi mpaka sasa. Vijana mnatumia hizi programu za akili bandia. Sina ugomvi nazo, nami huzitumia kunifupishia na kunipa maneno ya kutafutia. Lakini usichukue kesi yoyote kutoka humo ukaipeleka mahali bila ya kuifungua mwenyewe kwenye ghala lake na kuisoma. Juni 2023 mawakili New York walipigwa faini ya dola 5,000 katika kesi dhidi ya shirika la ndege la Avianca kwa kupeleka mahakamani hukumu zilizobuniwa na mashine. Hao walikuwa mawakili. Desemba ya mwaka huo huo, Uingereza, ilitolewa hukumu yenye namba [2023] UKFTT 1007 (TC), nayo inafanana na sisi mno: mtu wa kawaida asiye na wakili, aliyeuza nyumba aliyokuwa akiipangisha, hakutoa taarifa ya kodi kwa wakati, akaadhibiwa, akakata rufaa. Akaleta kesi tisa za kumuunga mkono. Zote tisa hazikuwepo duniani. Baraza liliamini kuwa hakujua, lakini rufaa alishindwa. Namba nimekupeni kwa makusudi, mkaitafute leo usiku. Atakayeipata na kuisoma mpaka mwisho atakuwa ameshafanya mazoezi ya kwanza.

Neno kuhusu hapa tulipo, kwani najua swali linakuja. Oman imetoa sheria ya kodi ya mapato ya watu binafsi kwa Amri ya Kifalme Namba 56 ya 2025: asilimia 5 kwa mapato yanayozidi rial 42,000 kwa mwaka, kuanzia tarehe 1 Januari 2028. Wengi wetu hatufiki huko, na wanaofika nadhani wameshakaa na wahasibu wao. Ila msichukue njia niliyoieleza mkaitumia hapa kama ilivyo. Mfumo wa Oman hauendi kwa hukumu za kufungana kama ule tuliorithi kwa Waingereza. Hapa unaanza na amri yenyewe, unakwenda kwenye kanuni zake za utekelezaji, na misingi inayotolewa na Mahakama ya Juu inakusaidia kufahamu namna ya kufasiri. Na soma Kiarabu chake, maana tafsiri ya Kiingereza haikupi haki mbele ya kadhi.

Lugha ndiyo inayoniuma hata kwetu. Tanzania ilibadili sheria mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, lakini hukumu za kodi ukizifungua nyingi bado ni Kiingereza, tena Kiingereza cha kodi. Mama mwenye nyumba Fuoni anaujua wajibu wake na haki yake kupitia mdomo wa mtu mwengine. Baadhi yetu humu tuna muda, tuna lugha mbili na tatu, na wengine wamestaafu. Ninachopendekeza ni kidogo tu: tuchague hukumu kumi zinazogusa nyumba, viwanja, urithi na malipo ya kutoka nje, tuandike kwa kila moja ukurasa mmoja wa Kiswahili wenye namba ya kesi, kifungu na toleo lake, kilichoamuliwa, na tarehe tuliyohakikisha kuwa bado iko hai. Tuziweke hadharani, walioko nyumbani wazisome na watusahihishe. Mimi nimeshaanza na Tullow. Karatasi ya kujiandikisha iko pale mlangoni karibu na birika la chai. Anayetaka kuchukua kesi aandike jina na namba ya simu, na asichukue zaidi ya moja mpaka ameimaliza.

Wassalaam, na sasa maswali.